Uzi: Mara yetu ya kwanza kwenye mbio za timu (milima, mtumbwi na baiskeli) hapa Kigoma. Karibuni tuongee

Mwisho wa Reli

Wakuu, habari za humu.

Kiangazi hiki tulishiriki mbio za timu huku Kigoma, zile za kuchanganya. Unapanda milima kwa miguu na ramani mkononi, unashuka ziwani unapiga kasia, ukitoka majini unarukia baiskeli. Timu ni watu wanne, angalau mmoja awe mwanamke, na mnaenda pamoja mwanzo mwisho. Hakuna kupokezana vijiti. Waandaaji ni jamaa wachache tu wa hapa mjini wanaopenda michezo, hakuna mdhamini wala kampuni, kwa hiyo msinidai jina la mashindano. Halina.

Kila ninayemsimulia anaanza na "mlikuwa wa ngapi?" Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Hilo tumelimaliza.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kwamba timu iliyoshinda haikuwa na mtu hata mmoja wa kutisha. Mmoja wao ana kitambi. Kulikuwa na vijana wa mpira, wote wanne moto, walitoka Kibirizi kama wamefukuzwa, na hawakumaliza. Mbio hizi saa inasimama anapofika mtu wa mwisho wa timu. Mmoja wenu akiwa na kasi na mwingine kachoka, kasi yenu ni ya yule aliyechoka, ile nyingine mtajua wenyewe pa kuipeleka. Kazi yote ni kumpunguzia mzigo aliyechoka kabla hajakaa chini. Sasa jaribu kumwambia mwanaume mzima wa Kigoma "lete begi lako nikubebee" uone.

Timu yetu: mimi nilipewa ramani. Fundi, anatengeneza baiskeli Gungu. Kapteni, mtu wa mazoezi ya vyuma, shati zote zinambana. Na Dada, amekulia Katonga, baba yake mvuvi. Atakuja mwenyewe humu, namjua, hawezi kukaa kimya.

Njia ilikuwa Kibirizi kwenda Mtanga kwa miguu kupitia milimani, Mtanga kurudi Kibirizi kwa mtumbwi, kisha baiskeli kupanda Mwandiga, kushuka bonde la Luiche, kumalizia Ujiji. Naendelea jioni.

Mgebuka Mkavu

Nimekaa mbele kabisa na karanga zangu. Endelea mkuu.

Kijana wa Mwanga

Chai. Kibirizi mpaka Mtanga kwa miguu milimani halafu mtumbwi halafu Ujiji siku moja? Hata bodaboda anakataa hiyo.

Mwisho wa Reli

Kama ni chai basi ni ya rangi, haina hata tangawizi. Soma kwanza.

Tulianza saa 12 asubuhi. Wenyeji mnajua saa hiyo huku ni giza totoro. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, ila sisi tuko magharibi kabisa, jua linatufikia kama dakika 40 baada ya Dar. Kuna timu ya wageni kutoka Dar, tochi walikuwa nayo moja kwa watu wanne, wakisema "saa 12 si kumekucha". Orodha ya vifaa ilisema kila mtu na yake. Wakaanza kuzunguka kuazima kwa wauza chai ya alfajiri pale Kibirizi.

Sasa milima. Ukitazama kutoka botini unaona kijani tu kinapanda. Ukiwa ndani yake ndiyo unajua kwamba mabonde yote yanashuka kuelekea ziwani, moja baada ya jingine. Wewe unaenda kaskazini, maana yake unayakatiza. Unapanda mgongo, unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda mwingine. Ziwa liko mita 773 kutoka usawa wa bahari, na migongo ile inapanda mamia ya mita juu yake, na ukishapanda unatakiwa kushuka yote uliyopanda. Hiyo ndiyo inayoua moyo, kushuka.

Ramani ilikuwa ya moja kwa elfu hamsini. Sentimita mbili ni kilomita moja. Mtu wa kawaida akiona sentimita mbili anasema "dakika kumi hiyo". Lakini angalia ile mistari ya mwinuko. Kwenye ramani yetu kila mstari ni mita 20. Hesabu mistari inayokatiza sentimita zako mbili. Ikifika 15, umepanda mita 300. Hapo sahau dakika kumi. Mistari ikibanana mpaka inakaribia kuwa wino mmoja, tafuta njia nyingine, utaenda kwa mikono.

Kupotea kabisa ni vigumu, kwa sababu ukienda kaskazini ziwa liko kushoto kwako siku nzima. Shida ni kujua uko mgongo wa ngapi. Kiangazi kuna ukungu wa moshi wa nyasi zinazochomwa, mbali huoni, kila mgongo unafanana na mwenzake. Nilichofanya ni kuhesabu vijito. Kila tukivuka kijito naweka alama kwa penseli. Kapteni alikuwa ananung'unika kwamba ninasimama simama. Wale vijana wa mpira walikuwa mbele wameshatoweka. Tulipofika kituo cha tatu tukawakuta wanashuka kutoka mgongo ambao si wa kituo hicho, wanahema, wanatuuliza sisi mhuri uko wapi.

(Vituo: kila kimoja kina mhuri umefichwa, unagonga kwenye kadi ya timu. Ukikosa mmoja hesabu yako imeharibika.)

Mama Kuhe

Mliwaambia?

Mwisho wa Reli

Dada aliwaambia. Mimi ningewaacha.

Dada wa Katonga

Nimefika. Niliwaambia kwa sababu mmoja wao ni mtoto wa shangazi yangu, nyumbani ningejibu nini? Halafu mhuri wenyewe sisi tulioneshwa na watoto waliokuwa wanakata kuni, mbona hilo umeliruka?

Kijana wa Mwanga

Ahaa! Kumbe mliiba. Ramani ya nini kama watoto wanawaonesha?

Mwisho wa Reli

Kanuni zilisomwa jana yake jioni: kuuliza mtu yeyote uliyemkuta njiani ruksa. Kupanda chombo, kubebewa mzigo na mtu asiye wa timu, au kuwa na ndugu anakusubiri njiani na chakula, marufuku. Simu zilifungwa kwenye mfuko na gundi ya karatasi, ukifungua bila dharura umetoka.

Ila nakubali ni hoja ya kujadili. Mgeni wa Dar atawauliza vipi wale watoto? Sisi Dada aliwaamkia kwa Kiha "mwakeye" tu wakaacha kuni chini wakaanza kushindana nani atuoneshe.

Mpiga Kasia

Mimi ni mmoja wa waliopanga njia, nitoe ufafanuzi kidogo. Kanuni ya kuuliza tuliijadili sana. Kuikataza huwezi, kwa sababu njia inapita mashambani mwa watu, utamzuiaje mtu kusalimia mwenye shamba? Adabu yenyewe inataka usimame. Tukaona heri tuiruhusu kwa wote. Vilevile tulizunguka vijiji vyote wiki kadhaa kabla, kuongea na wenyeviti, wasije wakaona watu wanakimbia na mabegi gizani wakapiga yowe la mwizi. Wanaotaka kuandaa kitu kama hiki kwao waanzie hapo kabla hata ya ramani.

Na kanuni ya kukaa pamoja: mashindano makubwa ya dunia yanasema wanatimu wasizidiane mita 100. Sisi tulisema muwe mnasikilizana bila kupiga kelele.

Mgebuka Mkavu

Mtanga si ndio unapakana na Gombe? Sokwe mliwaona?

Mpiga Kasia

Njia iliishia Mtanga kwa makusudi. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, huwezi kupitisha mbio mle. Hata ungepewa kibali, sokwe wanaambukizwa mafua na vifua vyetu na yanawaua. Mtalii mwenye mafua anazuiwa kuwasogelea, sembuse watu kumi kumi wanahema na kutema mate njia nzima.

Mnyamwezi wa Kiloleni

Nawasalimu watani zangu wa mwisho wa reli kutoka Tabora. Babu zetu walitembea kutoka pwani wakapita hapa kwetu wakafika hapo Ujiji, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, na pembe za ndovu wakarudi nazo. Hakuna aliyegongewa mhuri wala kuvishwa medali. Nyie mmebeba chupa ya maji mnafungua uzi.

Mwisho wa Reli

Hahaha, mtani, wale walikuwa wanalipwa. Sisi tulilipa.

Mnyamwezi wa Kiloleni

Hapo umenipata.

Ila niongezee jambo la maana. Huku kwetu ni tambarare na miombo, hakuna ziwa la kukaa kushoto kwako. Ukiingia porini, kila upande mti na kichuguu. Huku dira ndiyo kila kitu, pamoja na kuhesabu hatua. Pima mita 100 barabarani, tembea kawaida, hesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Wengi wanapata kati ya 60 na 70. Ukishaijua namba yako, porini unaweza kusema "nimeenda mita 800" bila kubahatisha. Kila mia nahamisha kokoto kutoka mfuko huu kwenda mwingine. Ukianza kukimbia namba inabadilika, ipime upya.

Mwisho wa Reli

Hii ya kokoto tunaichukua.

Tuendelee. Ziwani.

Mitumbwi ilikuwa ya mbao, ya kukodi kwa wavuvi, si ile ya plastiki mnayoona kwenye video. Mizito. Tulifika Mtanga jua limeshachoma, upepo wa kusini umeshaamka. Na sisi tunakwenda kusini. Kiangazi ndiyo msimu wake, kila mvuvi atakwambia, asubuhi na mapema ziwa limelala, baadaye linaanza kuvimba. Timu zilizotutangulia milimani zilipita maji yakiwa laini. Kwa hiyo dakika ulizopoteza mlimani unazilipa mara mbili ziwani, hilo hakuna aliyetuambia.

Kapteni alikaa nyuma kuongoza kwa sababu ana nguvu. Tukaondoka Mtanga tunazunguka. Kweli tunazunguka, kijiji kizima kinatuangalia, mtumbwi unageuza uso kuelekea ulikotoka. Kuna mzee alikuwa anaanika dagaa pale mchangani akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "mpisheni huyo binti nyuma." Dada alikuwa hajasema neno. Wakabadilishana, karibu watumbukie.

Baada ya hapo mtumbwi ukanyooka. Kumbe mtu wa nyuma kazi yake kubwa si nguvu. Anapiga kasia, halafu mwishoni analiacha majini sekunde moja kando ya mtumbwi, analigeuza kidogo kama usukani, ndipo analitoa. Kila pigo. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wa katikati wanamfuata yeye tu, wakiangalia mgongo wake, si maji. Fundi alikuwa mbele. Alianza kuhesabu kwa sauti, baadaye akaanza kuimba nyimbo za kanisani, na mimi ni mswalihina nikajikuta naitikia.

Dada hakutupitisha katikati. Alitupitisha karibu na ufuko, kila rasi tukijificha nyuma yake kupumzika, kisha tunatoka kwenye mawimbi kwa pamoja tunapiga bila kusimama mpaka rasi nyingine. Mawimbi anayakata kwa mbele, akiona tunapigwa ubavuni anapiga kelele. Timu ya Dar walikata moja kwa moja kutoka rasi hadi rasi, mstari mfupi kwenye ramani. Wimbi likawajaza maji, wakatumia muda mrefu kukumba kwa kopo. Boti ya usalama ilikuwa karibu, hakuna aliyedhurika.

Dada wa Katonga

Jaketi la kuokolea lilikuwa lazima, na liliniudhi kuona watu wanalivua kwa sababu linawabana wakipiga kasia. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, mita zaidi ya 1,400 mahali pengine. Ukitoka kidogo tu ufukweni huna chini ya kukanyaga. Wavuvi wenyewe wazoefu tunawazika. Anayesema anajua kuogelea aniambie ameogelea na raba miguuni na begi mgongoni lini.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimesoma nikaona niseme machache.

Maji ya ufukweni karibu na vijiji yana kichocho. Mkikaa ndani ya maji, mkavuta mtumbwi mkiwa hadi magotini, mmejiweka. Msikimbilie kunywa dawa kesho yake, vimelea wakiwa wachanga dawa haiwamalizi. Subirini wiki 6 hadi 8, nendeni mkapime, mtibiwe ipasavyo.

Pili, kuna ugonjwa wa leptospira, ambao 2022 kule Lindi tuliusikia kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wanatoka kwenye mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, wanaingia kwenye maji na matope, kisha kwako kupitia mchubuko. Mwaka 2000 kulikuwa na mashindano makubwa ya aina hiyo hiyo yenu kule Borneo, Malaysia, yaliitwa Eco-Challenge. Washiriki waliogelea na kupiga makasia mtoni, wakarudi makwao, homa zikawaangusha nchi mbalimbali. Makumi waliugua. Hakuna aliyekufa, lakini madaktari walihangaika, kwani mgonjwa yuko nchi moja na maji aliyoyaingia yako nyingine. Kwa hiyo mkipata homa ndani ya wiki mbili tatu baada ya mbio, msiseme malaria moja kwa moja. Mwambieni daktari mlikuwa wapi.

Mlikula nini? Na chumvi?

Mwisho wa Reli

Shikamoo mama. Asante sana, nimewatumia wenzangu.

Mihogo ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga za kukaanga na chumvi, na dagaa wakavu kwenye kijimfuko cha kiunoni. Biskuti tamu tulizobeba kwa wingi, kufika mchana hakuna aliyetaka kuziona. Mdomo unakataa sukari. Chumvi tulibeba ya Uvinza, kidogo tu kwenye karatasi, unaramba.

Nesi Mstaafu

Marahaba. Mmefanya vyema. Mtu anayetoka jasho siku nzima akanywa maji matupu mengi mno, chumvi ya damuni inashuka, anachanganyikiwa, anaweza hata kuanguka. Watu wanadhani ni kiu, wanamwongezea maji.

Kijana wa Mwanga

Sawa nimeanza kuamini. Sasa mbona mlikuwa karibu na mwisho kama mlikuwa na mtoto wa mvuvi na chumvi ya Uvinza?

Mwisho wa Reli

Ndiyo nafika hapo. Baiskeli.

Fundi alikuwa ametengeneza zote nne mwenyewe, za gia, za mitumba. Alitupanga: kila mmoja anabeba tyubu moja ya ziada, yeye anabeba solusheni, viraka, spana na cheni ya akiba. Kilichokuwa kigeni kwetu ni mpira wa kuvutana. Mnaujua ule mpira wa tyubu iliyokatwa vipande virefu, tunaofungia gunia la mkaa kwenye keria? Fundi alisuka vipande vitatu pamoja, urefu kama pima moja na nusu, akaweka kitanzi kila upande. Milimani unavaa kitanzi kimoja kiunoni, kingine ananing'iniza mwenzako kwenye mkanda wa begi lake. Kwenye baiskeli kinakaa kwenye nguzo ya siti ya anayevuta, na kwenye usukani wa anayevutwa. Hakifungwi fundo. Kinaning'inizwa tu, ili mmoja akianguka kijitoe chenyewe. Mpira unavutika, kwa hiyo haukushtui kama kamba ya katani. Timu za wenzetu za dunia nzima wanafanya hivi. Aliyechoka hasukumwi kama mkokoteni, anaendelea kukanyaga pedali zake, ila anapunguziwa kile kipande kidogo ambacho kingemsimamisha.

Kutoka Kibirizi hadi Mwandiga ni kupanda. Lami, jua la saa nane, na hapa kwetu saa saba ndiyo jua linakuwa juu kabisa, kwa hiyo saa nane bado linachoma. Kapteni alianza kubaki nyuma. Akisimama, anainama, anakagua cheni. Tunasimama. Anasema twende. Mbele kidogo anasimama tena, anakagua cheni. Shati lake lilikuwa jeusi asubuhi, sasa lina michirizi myeupe ya chumvi mgongoni kama ramani nyingine. Mara ya tatu Fundi akashuka akaizungusha pedali kwa mkono, cheni inateleza safi, wala hailii. Akanitazama. Hakusema kitu, maana Kapteni ni mkubwa kwetu wote kwa umri.

Mapaja yalikuwa yamemkaza, yanaruka ruka yenyewe chini ya ngozi, unayaona. Zile nguvu zote alizipiga mlimani kuonesha mwendo, na nyingine nyuma ya mtumbwi kuuzungusha.

Dada wa Katonga

Hapa niachie mimi.

Nilimwambia, "Kaka, cheni haina shida. Lete usukani." Akasema tukipita Mwandiga ndipo anaweza kufungwa, kwa sababu Mwandiga anafahamika. Nikamwambia Mwandiga ndiyo juu ya mlima, tukishapita Mwandiga ni mteremko, nitakuvuta kwenye mteremko? Akakaa kimya. Nikaning'iniza mpira mwenyewe.

Tukaingia Mwandiga hivyo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma kwenye kitanzi. Akina mama wauza nyanya walisimama wote. Mmoja akauliza, "Mwanangu, huyo mwizi umemkamatia wapi?" Soko zima kicheko. Kapteni akawapungia mkono. Nilimheshimu sana pale. Wanaume wengine wangeruka wakaachia mpira.

Mama Kuhe

Nimecheka mpaka mume wangu ameamka.

Kijana wa Mwanga

Kwa hiyo hii kanuni ya mwanamke kila timu kumbe ndiyo inawabeba wanaume?

Dada wa Katonga

Mdogo wangu, mwanamke wa Kalinzi anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni kila siku ya soko. Kwenye kukimbia mita mia utanishinda. Kwenye kuendelea saa ya tisa, ya kumi, bila chakula cha maana, tuulizane tena.

Mpiga Kasia

Kanuni ya timu mchanganyiko si yetu. Mbio za namna hii zilianza kujulikana 1989, pale Mfaransa Gérard Fusil alipoandaa Raid Gauloises kule New Zealand, na tangu mwanzo walitaka mwanamke katika kila timu. Imebaki hivyo kwenye mashindano makubwa mpaka leo. 2023 ubingwa wa dunia ulifanyika Afrika Kusini, kwa hiyo si mchezo wa mbali tena.

Fundi Keria

Mimi ndiye Fundi. Kwa wanaouliza kuhusu baiskeli: msinunue mpya. Chukueni ya mtumba yenye fremu nzima, badilisheni cheni, nyaya za breki na tairi. Bonde la Luiche ni mchanga na matope ya mfereji, tairi nyembamba inazama. Miba ya michikichi ikiingia ni pancha palepale, tulipata pancha mbili, moja nilibandika gizani kwa kusikiliza upepo unatokea wapi kwa shavu. Timu nyingine walikuwa na pampu ya mdomo mnene na tyubu za mdomo mwembamba. Jaribuni nyumbani pampu inaingia kwenye tyubu ipi.

Mwisho wa Reli

Luiche niipite haraka. Michikichi, mifereji, vumbi, harufu ya mawese yanayochemshwa, njia za baiskeli zinagawanyika kila baada ya mita hamsini na ramani yetu haizijui hata moja kati ya hizo. Pale nilikunja ramani nikafuata dira na kuuliza kila mtu. Giza lilitukuta humo, ila huku jua linazama karibu saa moja usiku, tulipata mwanga wa ziada.

Ujiji tulifika watu wanakunywa kahawa. Mwisho ulikuwa karibu na ule mnara wa Livingstone na Stanley. Mzee mmoja akatuuliza tumetokea wapi, tukasema Kibirizi. Akasema, "Kibirizi hapo hapo, mbona mmechafuka hivyo?"

Mgebuka Mkavu

Vipi vijana wa mpira?

Mwisho wa Reli

Waliishia Kibirizi baada ya mtumbwi. Wawili walikuwa na nguvu za kuendelea kabisa, mmoja ana malengelenge ya kutembelea visigino, mwingine amekasirika. Walikuwa hawaongei. Hakuna kanuni inayoruhusu wawili kuendelea.

Kijana wa Mwanga

Gharama je? Maana hapa ndipo mtatuacha.

Mpiga Kasia

Ada ilitoshea kukodi mitumbwi, mafuta ya boti ya usalama na chakula cha mwisho. Mitumbwi tuligawana pesa na wenye nayo Mtanga na Kibirizi, ndiyo maana walikuwa upande wetu. Asiye na baiskeli aliazima. Vifaa vya lazima ni tochi, filimbi, jaketi la kuokolea, dira, maji, na sanduku dogo la huduma ya kwanza kwa timu. Dira ndiyo ngumu kupatikana mjini hapa, waulizeni walimu wa jiografia na skauti.

Kapteni

Nimeoneshwa huu uzi na mke wangu. Nimesoma wote. Cheni ilikuwa na shida kidogo.

Fundi Keria

Kaka, cheni ile niliifunga mimi.

Kapteni

Sibishani na wewe humu. Mwakani nipo, na mpira nitauvaa tangu Kibirizi kama mnataka. Ila nyuma ya mtumbwi nitajifunza, Dada hawezi kuwa kila kitu.

Dada wa Katonga

Njoo Katonga jioni yoyote, mtumbwi wa mzee upo. Utaanza kwa kukumba maji.

Mgebuka Mkavu

Na sisi wengine tunaotaka kuanza tunajiunga wapi? Mimi na jirani zangu wawili tuko tayari, wa nne, mwanamke, ndiye tunamtafuta.

Mwisho wa Reli

Mtafuteni mapema, msimchukue wa kujaza nafasi. Jumamosi tunapanda tena ule mgongo wa kwanza nyuma ya Kibirizi, tunaanzia kwa mama wa chai, saa 12 kamili asubuhi. Kila mtu na tochi yake.